Anafasi Haionekani: Kutafuta Kosa Kwenye Ncha ya Mzizi wa Kitunguu

"Mwalimu, mimi sioni kitu kinachoachana." Kila mwaka tukifika kwenye mitosisi, yaani mgawanyiko wa seli, huwa nasikia maneno haya, na kila mwaka nayachukulia kwa uzito. Mwanafunzi anayeyasema ameshazichora zile hatua nne kwenye daftari lake: profasi, metafasi, anafasi (ile ambayo kromosomu huachana), telofasi. Sasa anataka kuziona kwa macho. Akitoka maabara hajaona, mchoro wake utabaki kuwa kitu cha kukariri.

Zoezi lenyewe halina gharama kubwa: kitunguu maji, wembe, asidi kidogo, rangi, slaidi, na hadubini yenye lenzi ya 40. Shida ni kwamba huharibika kirahisi, na likishaharibika halisemi limeharibikia wapi. Slaidi mbovu iliyotokana na kitunguu kibovu inaweza kufanana kabisa na slaidi mbovu iliyotokana na kidole kizito. Ndiyo maana nimeandika hapa dalili ninazokutana nazo mara nyingi, na jinsi ya kulifuata kosa hadi lilipoanzia.

Kwa ufupi, njia ninayoizungumzia ni hii. Kitunguu huwekwa kwenye mdomo wa chupa, kitako chake kikigusa maji, kwa siku 2 hadi 4, mpaka kitoe mizizi ya sentimita 1 hadi 3. Ncha hukatwa na kutiwa mara moja kwenye fiksativu, yaani mchanganyiko wa mafungu 3 ya ethanoli na fungu 1 la asidi asetiki kali. Mchanganyiko huo huua seli haraka na kuiacha vilevile ilivyokuwa wakati wa kufa. Kisha ncha huwekwa kwenye asidi hidrokloriki ya mol 1 kwa lita, yenye joto la nyuzi 60, kwa dakika kama 5. Husuuzwa kwa maji, hutiwa rangi, hufunikwa kwa kioo chembamba, na kukandamizwa. Asidi hizi huchoma ngozi na macho, na ethanoli hushika moto, kwa hiyo miwani ivaliwe na jiko lililochemsha maji lizimwe kabla chupa ya ethanoli haijafunguliwa.

Dalili: seli zimejaa, viini vyote ni vya mviringo, hakuna kinachoachana

Hii ndiyo dalili inayowakatisha wengi tamaa, na mara nyingi si kosa la mtu. Ili kuielewa inabidi kujua seli hutumiaje muda wake.

Kromosomu inapoingia metafasi huwa na kromatidi mbili pacha zilizoshikanishwa na protini iitwayo kohesini, inayozizunguka kama pete. Nyuzi za spindeli hutoka ncha mbili za seli na kukishika kila kipande mahali paitwapo kinetokori, pacha mmoja akivutwa huku na mwingine kule. Kohesini bado haijakatika, kwa hiyo kromosomu inasimama katikati, imekazwa pande zote mbili. Kinetokori yoyote ambayo haijashikwa hutoa ishara ya "subiri", na kromosomu moja tu iliyochelewa inatosha kuizuia seli nzima. Ni kama basi ambalo dereva wake haondoi mguu kwenye breki mpaka abiria wa mwisho amekaa.

Kinetokori ya mwisho ikishashikwa, ishara inazimika. Hapo sekurini, protini ambayo muda wote ilikuwa imekizuia kimeng'enya kiitwacho separasi, inavunjwavunjwa. Separasi ikiwa huru inakata zile pete za kohesini, na kromatidi pacha zote zinaachana karibu kwa pamoja. Zinasafiri kuelekea nchani kwa mwendo wa takriban mikromita 1 kwa dakika, na kwa kuwa safari yenyewe ni fupi, kila kitu kinakwisha ndani ya dakika chache. Interfasi inayofuata, yaani kipindi ambacho seli haigawanyiki, huchukua saa nyingi.

Slaidi yako ni picha iliyopigwa mara moja tu. Kinachodumu muda mrefu kitaonekana sana, na kinachopita upesi kitaonekana kwa nadra. Hata kwenye mzizi wenye afya, ukihesabu seli 100, zinazogawanyika mara nyingi hazifiki 20. Wengi wa hao wako kwenye profasi, na walio kwenye anafasi huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja au wasiwepo kabisa. Kwa hiyo kabla ya kulaumu chochote, pitia seli 500. Anza na lenzi ya 10, tembeza slaidi mstari kwa mstari kama anayelima tuta, na uhamie lenzi ya 40 pale tu unapoona kitu cheusi chenye umbo lisilo la duara.

Ukishapita seli 500 bila kuona hata profasi, sasa kuna kosa la kweli. Angalia umbo la seli. Kama ni ndefu, mstatili mwembamba, na kiini kidogo kimesukumwa pembeni, umekata mahali pasipo mgawanyiko. Seli zinazogawanyika ziko kwenye milimita 1 au 2 za mwisho, nyuma kidogo ya kofia ya mzizi. Juu ya hapo seli zimeacha kugawanyika na zinarefuka tu. Ukiishikilia ncha kwenye mwanga baada ya asidi, sehemu unayoitaka huonekana nyeupe kama maziwa na nyingine zote hupitisha mwanga. Kata hiyo nyeupe, iliyobaki tupa. Kosa jingine la namna hii ni kuipoteza ncha yenyewe: mtu anakata mzizi vizuri, kisha wakati wa kuhamisha kwa kibano anakibana kile kipande laini na kukiacha kwenye meno ya kibano. Shika upande wa nyuma.

Kama umbo la seli ni zuri, ni mraba na viini vikubwa vinavyojaza karibu seli nzima, lakini bado hakuna mgawanyiko, rudi kwenye kitunguu.

Dalili: mizizi haikuota, au imeota kwa kusuasua

Mwaka mmoja nilinunua kilo mbili za vitunguu vizuri mno, vimekauka, ngozi inang'aa. Siku ya nne hakuna mzizi hata mmoja, na darasa la watu arobaini linanisubiri. Nilijilaumu kwa maji, kwa chupa, kwa joto la chumba. Kosa lilikuwa sokoni. Kitunguu kilichotoka shambani juzi kiko usingizini, na usingizi huo unaweza kudumu wiki kadhaa. Vingine, hasa vya kusafirishwa mbali, hunyunyiziwa maleiki hidrazidi shambani ili visichipue ghalani, na dawa hiyo hufanya kazi kwa kuzuia mgawanyiko wa seli, kile hasa tunachokitafuta. Ngozi haitakuonyesha lolote.

Siku hizi nachagua vile ambavyo mama lishe anavikataa: vyenye kijani kinachochungulia juu. Kitunguu kilichoanza kuchipua kimeshaamka. Iwe cha Mang'ola au cha Singida, hilo halina uzito, umri wake ndio wenye uzito. Ukikosa, punje za kitunguu saumu huota upesi na zina idadi ileile ya kromosomu, 16. Njia nyingine ninayoipenda ni mbegu za kitunguu kutoka duka la pembejeo, zikawekwa juu ya tishu iliyolowa ndani ya kisahani kilichofunikwa. Mizizi ya mbegu ni myembamba, inahitaji mkono mwepesi, ila inagawanyika kwa bidii.

Kwangua mizizi mikavu ya zamani kwenye kitako, bila kuchimba ndani. Maji yaguse kitako tu. Kitunguu kikizama kinaoza kabla hakijaota. Badilisha maji kila siku, na kama ni ya bomba yenye harufu ya klorini yaache wazi usiku mzima kwanza. Mizizi iliyozidi sentimita 4 au 5, au iliyoanza kugeuka rangi ya kahawia, usiitumie.

Dalili: metafasi nyingi, anafasi hakuna kabisa

Hii ni tofauti na ile ya kwanza, na naomba msomaji aitenge. Hapa seli zinagawanyika, tena nyingi, lakini zote zimekwama kwenye kizingiti. Kromosomu ni fupi, nene, zimetawanyika, wakati mwingine kila moja inaonekana kama herufi X. Maana yake seli bado inasikia ishara ya "subiri", kwa sababu nyuzi za spindeli hazipo za kuzishika kinetokori.

Uliza kama mizizi ililala kwenye barafu au friji. Baridi kali hubomoa nyuzi za spindeli, na wapo wanaofanya hivyo makusudi usiku kucha ili wakusanye metafasi za kuhesabu. Kwa hesabu ni njia nzuri, ila kwa mtu anayetaka kuona kuachana ni kujifungia mlango mwenyewe. Rudisha kitunguu kwenye maji ya joto la kawaida la chumba, uache nyuzi zijengeke upya, ndipo ukate.

Sababu ya pili ni kemikali iitwayo kolkisini. Albert Levan wa Sweden alionyesha mwaka 1938, kwa mizizi ya kitunguu hiihii, kwamba kolkisini huzuia spindeli kujengeka. Seli ikikaa nayo muda mrefu huishia na kromosomu 32 badala ya 16, kwa kuwa pacha wameachana bila kwenda popote. Ni sumu inayoua mtu, na haifai kuwa kwenye maabara ya sekondari. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu Gloriosa superba, ule mmea utambaao wenye maua mekundu na ya njano kama ndimi za moto, unaota porini na mabustanini Kenya na Tanzania, na viazi vyake vina kolkisini. Asitokee mwanafunzi mwenye ari akachimba ili ajaribu.

Dalili: rundo la seli, moja juu ya nyingine, giza tupu

Seli za mmea zimegundishwa na pektini, na kazi ya asidi ya moto ni kuilegeza hiyo gundi. Rundo linamaanisha gundi haikulegea. Sababu ya kawaida ni joto: mtu amechemsha maji, akaitia chupa ya asidi ndani, akaanza kuhesabu dakika 5 papo hapo wakati asidi yenyewe bado iko nyuzi 35. Ipashe asidi kwanza, ipime kwa kipimajoto, ndipo utie mizizi. Ncha iliyoiva vizuri ni laini kama ndizi iliyoiva sana. Ukiigusa kwa sindano inatawanyika. Ikiruka kama mpira, irudishe dakika nyingine 2.

Halafu kuna kukandamiza. Weka tishu juu ya kioo, weka gumba, na bonyeza wima chini, mara moja, kwa nguvu. Ukisugua, kioo kikateleza hata milimita moja, seli zitajiviringisha kama tambi na kromosomu zitaburuzwa nje. Wanafunzi wengi wanaogopa kuvunja kioo, kwa hiyo wanabonyeza kwa woga. Mimi huwaambia wakivunje kimoja bure, wajue nguvu inaishia wapi. Kabla ya kubonyeza, gongagonga juu ya kioo kwa ncha ya mpini wa mbao, taratibu, hadi kipande kitawanyike kuwa ukungu mwepesi. Kipande kikubwa kuliko kichwa cha kiberiti hakitatawanyika hata ukandamize vipi.

Duara zenye ukingo mweusi kabisa, zilizo mviringo sawasawa, ni hewa. Wapo wanaozichora kama viini.

Dalili: rangi imekataa, au imejaa kila mahali

Kromosomu hafifu kwenye seli safi mara nyingi ni asidi iliyozidi: ikikaa muda mrefu mno huanza kuila DNA yenyewe, na rangi inakosa pa kushika. Seli iliyojaa rangi kote, kiini na saitoplazimu vikifanana, ni kinyume chake, kwa sababu asidi hiyo pia huondoa RNA, ambayo nayo hunywa rangi. Kwa hiyo rekebisha dakika za asidi kabla ya kununua chupa mpya ya rangi.

Karmini, moja ya rangi zinazotumika, ikiwa hafifu, ikoroge kwa sindano yenye kutu. Chuma kidogo huifanya iwe nzito zaidi. Orseini, rangi nyingine, huingia vizuri zaidi slaidi ikipashwa kidogo, bila kuchemka. Vijiti au chembe nyekundu kali zilizo nje ya seli ni rangi iliyoganda chupani, ichuje kwa karatasi ya chujio.

Na kama kromosomu zimegandamana kuwa donge lisilo na mikono, tazama fiksativu. Ethanoli na asidi asetiki zikikaa pamoja hubadilika polepole kuwa ethili asetati. Ukifungua chupa ukasikia harufu tamu kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, mwaga, changanya upya. Fiksativu ni ya kuchanganywa siku ya kazi. Spiriti ya dukani peke yake haitoshi, kwa sababu inasinyaza seli na hakuna asidi ya kuufidia msinyao huo.

Dalili: nahesabu, haitimii 16

Kwenye metafasi ya kitunguu zipo kromosomu 16. Kwenye anafasi zipo 16 kila upande, 32 kwa jumla, kwa kuwa kila kromatidi sasa inahesabiwa kuwa kromosomu kamili. Nusu ya makosa ya hesabu yanatoka hapa tu.

Nusu nyingine ni kupishana. Kromosomu mbili zilizolaliana huonekana moja, na iliyosukumwa nje ya seli wakati wa kukandamiza haionekani kabisa, kwa hiyo 15 na 14 ni kawaida. Zungusha kirekebishi kidogo cha hadubini mbele na nyuma polepole huku ukihesabu, na usiamini seli moja. Anafasi iliyolala ikakutazama kwa ncha yake ni ngumu kuliko zote: makundi mawili yanakaa moja juu ya lingine na yanafanana na vurugu. Iache, tafuta iliyolala ubavu.

Asionekane mzembe mwanafunzi aliyekosea hapa. Tangu mwaka 1923 wataalamu walikubaliana kwamba binadamu ana kromosomu 48, na walikuwa wakiziona kwenye hadubini zao. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio na yule yule Levan walichapisha hesabu ya 46. Kilichowasaidia ni matayarisho: kolkisini, maji yenye chumvi kidogo ya kuvimbisha seli, na mkandamizo mzuri ulioziachanisha kromosomu.

Dalili: zimeachana, lakini kuna uzi umebaki katikati

Hapa kosa linaweza kuwa la seli yenyewe, na ndipo ninapofurahi zaidi. Makundi mawili yamefika mbali, ila kati yake kuna utepe wa rangi uliovutika toka upande mmoja hadi mwingine. Au kromosomu moja imebaki peke yake katikati, wenzake wameshafika.

Kwanza ondoa uwezekano wa mkono: kama nyuzi za namna hiyo ziko kila mahali na zote zimelala upande mmoja, kioo kiliteleza. Daraja la kweli linafuata mstari wa mgawanyiko wa seli ile, na seli jirani ziko sawa.

Daraja huja mara nyingi kromosomu iliyovunjika inapoungana na nyingine, ikapata sentromia mbili, yaani sehemu mbili zinazobeba kinetokori. Kila sentromia inavutwa na ncha yake, kromosomu inanyooka katikati, mwisho inakatika, na vipande vilivyokatika vinaungana tena kwenye mgawanyiko unaofuata. Barbara McClintock aliufuatilia mzunguko huo kwenye mahindi miaka ya mwisho ya 1930, kwa hadubini ya kawaida na subira isiyo ya kawaida. Kromosomu iliyochelewa ina chanzo kingine: kinetokori moja imeshikwa na nyuzi kutoka ncha zote mbili. Kwa kuwa imeshikwa, ishara ya "subiri" haikulia, na seli iliendelea huku mmoja akivutwa huku na huku. Baadaye mchelewaji huyo anaweza kujifungia kwenye kiini kidogo cha pembeni, ambacho utakiona kwenye seli za interfasi jirani.

Daraja moja katika slaidi nzima si ajabu. Ukiyaona mengi, angalia maji. Mizizi ya kitunguu hutumika kupima maji yenye kemikali zinazoharibu kromosomu, kwa sababu hiyohiyo kwamba madhara huonekana hapa, kwenye anafasi. Otesha kitunguu kingine kwenye maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kikate siku ileile, saa ileile, na hesabu anafasi zenye daraja na zisizo nazo kwenye slaidi zote mbili. Ila kabla ya hapo ichore hiyo uliyoipata, au ipige picha kwa simu kupitia lenzi ya macho, kwa sababu slaidi isiyozibwa pembeni kwa rangi ya kucha huanza kukauka mapema, na daraja likikauka halisomeki tena.